Kabla ya kuulizia mkopo, jana umeuza shilingi ngapi?

Jamani wafanyabiashara wadogo wa Tanga, ofisini kwetu watu wanakuja sana kuulizia mkopo, mimi nikimuuliza mtu jana umeuza shilingi ngapi, wengi wananyamaza au wanasema "inategemea". Hapo ndo penye shida, mtaji unafuata baadae.

Kuna dada anapika chapati Ngamiani, tulikaa nae barazani tukapiga hesabu. Chapati 24, moja mia tano, jumla 12,000. Akaniambia faida ni elfu tano, maana unga 4,000 na mafuta 3,000. Nikamuuliza mkaa je? 2,000. Bajaji ya kutoka sokoni? Buku. Na watoto kabla ya shule wamekula ngapi? Nne. Hizo nne ni 2,000 ambayo haikuingia kwenye kopo, ukitoa vyote inabaki sifuri na mwenzetu kaamka saa kumi alfajiri! Akaduwaa, na mimi roho iliniuma kweli. Siku hizi mkaa anachukua gunia zima, chapati za watoto anazilipia kwa hela ya nyumbani, na kila jioni kabla hajaosha kikaango anaandika kilichotoka na kilichoingia, ni daftari la kawaida tu la shule.

Hilo daftari lina kazi nyingine ambayo wengi hawaijui. Kwenye kodi ya makadirio, yani ile mfanyabiashara mdogo anayokadiriwa kutokana na mauzo yake, ukiwa na mauzo kati ya milioni 4 na milioni 7 kwa mwaka na huna kumbukumbu za maandishi unalipa laki moja, ila ukiwa nazo unalipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4, yani aliyeuza milioni 5 analipa elfu 30 tu. Dada wa chapati hata akipika siku 300 ni milioni 3.6, hafiki huko, kwahiyo hadaiwi kitu, lakini bila maandishi atathibitishaje?

Madeni ya wateja nayo yaandike humohumo, jina na tarehe, usitegemee kichwa. Na kama unapokea kwa simu tenga laini ya biashara, hela ya mauzo isichanganyike na ya kutumiwa na shemeji.

Ukishaandika hata wiki mbili njoo nalo ofisini, usione aibu na mwandiko, tutakaa tulipitie ukurasa kwa ukurasa.