Chupa ya harusi juu ya kabati: dhana potofu kuhusu kutunza mvinyo

Nyumba nyingi za Dar es Salaam nilizoalikwa, ambako yupo mtu anayependa mvinyo, zina chupa moja isiyoguswa. Imesimama sebuleni juu ya kabati la vyombo, pengine chini ya taa, na mwenye nyumba huionyesha kwa fahari: "Hii tunaitunza tangu harusi." Harusi ilikuwa miaka minane iliyopita. Kazi yangu ni kununua na kutunza mvinyo wa mikahawa, na kila nikiona chupa hiyo huumia moyo, kwa sababu waliitunza kwa upendo na upendo wenyewe ndio uliowazuia kuifungua.

"Mvinyo kadiri unavyokaa ndivyo unavyokuwa mzuri"

Hii ndiyo dhana iliyozaa nyingine zote. Sehemu kubwa ya mvinyo unaouzwa duniani hutengenezwa ili unywewe ndani ya miaka michache tu. Beaujolais Nouveau ya Ufaransa huingia sokoni Alhamisi ya tatu ya Novemba, wiki chache baada ya zabibu kuvunwa, na haisubiriwi.

Inayofaidika na miaka ni michache: Barolo ya Italia, Bordeaux iliyotengenezwa kwa uangalifu, Riesling nzuri za Ujerumani, Port za mwaka maalumu, ule mvinyo mtamu wa Ureno. Hiyo ina kitu cha kuishikilia, yaani tanini, asidi au sukari nyingi. Tanini ni ule ukakasi unaokausha ulimi, kama unaouhisi ukila zambarau ambazo hazijaiva sawasawa. Muda huulainisha ukakasi huo, na harufu mpya huzaliwa. Mvinyo mwepesi usio na ukakasi wala asidi ya kutosha hauna cha kulainishwa. Ukiuweka, harufu ya tunda inaondoka na hakuna kinachokuja mahali pake.

Kwetu jambo hili lina uzito zaidi. Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, kwa kuwa mzabibu hauna baridi kali ya kuulaza usingizi kama Ulaya. Mkulima akishapogoa, unachipua tena. Chenin Blanc, mvinyo mweupe wa Dodoma, na mivinyo mingi myekundu ya zabibu za Makutupora nainunua ninywe mwaka huohuo. Yenyewe ni mizuri ikiwa mibichi.

"Mwekundu ni wa joto la chumba"

Kanuni hii ilitoka kwenye nyumba za mawe za Ulaya, zamani, ambako chumba kilikuwa na nyuzijoto 16 hadi 18. Sebule ya Dar mwezi Februari hufika 30. Mvinyo mwekundu ukimiminwa na joto hilo, pombe hutangulia puani na tunda halisikiki tena. Mimi huuweka kwenye friji nusu saa kabla ya kula, na nimeona wageni waliodai hawapendi mwekundu wakiomba glasi ya pili.

Hilo ni la kunywa. La kutunza ni zito zaidi. Mvinyo unapenda nyuzijoto 12 hadi 14, giza na utulivu. Ukikaa kwenye joto kali, kimiminika hupanuka na kusukuma kizibo, hewa hupata njia, na ladha inageuka ya matunda yaliyochemshwa. Hata kizibo kisiposogea, joto hukimbiza uzee, na uzee wa haraka hauna ule ulaini wa uzee wa polepole.

Kuna mvinyo mmoja tu ambao ningeuacha juu ya kabati bila wasiwasi, nao ni wa Madeira, kisiwa cha Ureno katika Atlantiki. Zamani mapipa yake yalisafirishwa kwa meli kupita ikweta, na wafanyabiashara wakagundua kwamba joto la safari lilikuwa limeuboresha. Mpaka leo hupashwa joto kwa makusudi, na chupa yake ikishafunguliwa hudumu miezi.

Kwa mingine yote, nunua friji ndogo ya mvinyo ukiweza. Usipoweza, tafuta mahali pa chini panapokaa baridi, kama uvunguni mwa ngazi au sakafuni mwa stoo isiyopigwa na jua. Friji ya kawaida inafaa kwa miezi kadhaa. Kwa miaka hukausha vizibo. Na usiweke zaidi ya unachoweza kunywa. Chupa 12 zinazozunguka zinatosha kabisa kwa nyumba.

"Kifuniko cha kuzungusha ni cha mvinyo wa bei poa"

Mwaka 2000 watengenezaji wa Riesling katika bonde la Clare, Australia, walikubaliana kuachana na koki, yaani kizibo cha gamba la mti, na kutumia kifuniko cha kuzungusha. Walikuwa wamechoshwa nayo, kwani koki wakati mwingine hubeba kemikali iitwayo TCA inayoupa mvinyo harufu ya katoni iliyolowa. New Zealand ikafuata, na leo mvinyo wake mwingi, hata wa bei kubwa, hufungwa hivyo. Tena chupa hiyo unaweza kuisimamisha. Ya koki ilaze, kizibo kisikauke.

"Bei na umri havidanganyi"

Mei 1976 waonjaji Wafaransa walikaa Paris kuonja mivinyo ya Ufaransa na ya California bila kuona lebo. Waliotoka wa kwanza ni wa California: Chateau Montelena kwa mweupe, Stag's Leap Wine Cellars kwa mwekundu, yote ya mwaka 1973. Kuhusu umri, mfanyabiashara wa mvinyo Rudy Kurniawan aliwauzia matajiri wa Marekani chupa za kughushi, zikiwemo za Clos Saint-Denis ya familia ya Ponsot zilizoandikwa miaka ambayo familia hiyo haikuwa imeanza kuutengeneza mvinyo huo. Mwaka 2014 alihukumiwa kifungo cha miaka kumi.

Mimi kabla ya bei hutazama duka. Chupa zinazopigwa na jua la dirishani sizinunui hata kwa punguzo. Kizibo kilichopanda juu ya mdomo wa chupa, au mvinyo uliopungua shingoni, ni dalili ya joto. Neno "salfaiti", yaani kihifadhi, kwenye lebo halinitishi. Ndicho kinachoulinda mvinyo njiani.

"Mkahawa mzuri una orodha ndefu"

Nilianza kazi kwenye mkahawa wenye aina 90. Tulizokuwa tukiuza hazikuzidi 20. Zilizobaki zilikuwa zikizeeka stoo, na siku mgeni akiagiza mojawapo tulikuwa tunamuuzia aibu. Tulipunguza mpaka 18. Chupa ya mililita 750 hutoa glasi tano, na ikishafunguliwa, hata kwenye friji, naihesabia siku tatu. Kwa hiyo zinazouzwa kwa glasi ni nne tu, na kila moja tunaandika tarehe ya kufunguliwa shingoni.

Mwezi uliopita wale wenye chupa ya harusi walinikubalia tuifungue. Kizibo kilikatika vipande, na kilichotoka kilikuwa na rangi ya kahawia na harufu ya siki. Mke alinyamaza kidogo, akaenda kutoa Chenin ya Dodoma kwenye friji, tukainywa na changu wa kuchoma. Chupa tupu wameiosha na kuirudisha juu ya kabati.