Mfundishe Mteja Kabla ya Kumuuzia: Kutangaza Biashara Ndogo ya Kigoma Mtandaoni

Ukipitia stetasi za WhatsApp za wafanyabiashara wetu wa Kibirizi, Mwanga na Ujiji, unakuta tangazo ni lile lile: picha ya gunia, maneno "Dagaa wa Kigoma wapo, bei poa, karibuni wote," na namba ya simu. Wengine huliweka kila siku, mwezi hadi mwezi, kisha wanakuja kwetu maofisa biashara wakilalamika kwamba mtandao haulipi.

Mtandao unalipa. Tatizo ni kwamba tangazo la namna hiyo halimjibu mteja analojiuliza. Mama wa Mbagala au mwenye genge Dodoma anajua kabisa kwamba dagaa wapo. Anachotaka kujua ni kama kweli ni wa Kigoma, kama hawana mchanga, na kama akituma hela mzigo utafika. Huenda ameshauziwa dagaa wa kwingine kwa jina la Kigoma, na kupitia kioo cha simu hawezi kunusa wala kuonja. Mfanyabiashara aliye mbali na soko lake ana kazi moja ya kwanza, nayo ni kumwondolea mteja hofu. Njia ya bei nafuu kuliko zote ni kumpa bure yale unayoyajua kuhusu bidhaa yako. Hayo ndiyo wataalamu wa masoko wanayaita maudhui ya bure: video fupi, picha yenye maelezo, sauti ya dakika moja inayomfundisha mtu kitu cha kweli hata kama leo hanunui.

Tuanze na dagaa wenyewe. Watu wengi mijini hudhani dagaa ni dagaa, wanatofautiana ziwa tu. Dagaa wetu wa Ziwa Tanganyika ni wa aina mbili, ambazo kwa jina la kisayansi ni Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, na wote ni wa ukoo mmoja na sadini wa baharini. Dagaa wa Ziwa Victoria, Rastrineobola argentea, ni wa ukoo mwingine kabisa. Muuzaji aliyekulia mwaloni anawatambua kwa kutupa jicho mara moja, lakini mteja wake hajawahi kuoneshwa. Basi waweke wa pande zote mbili kwenye sinia jeupe, sogeza simu karibu, na umwelekeze unachotazama: umbo, rangi, kichwa, harufu. Na usimkashifu anayeuza dagaa wa Mwanza. Yule ni samaki mzuri mwenye wateja wake. Wewe unafundisha kutambua, hugombani na mtu.

Halafu kuna mchanga, kilio cha kila mpishi. Dagaa waliotandazwa ufukweni hubeba mchanga, waliokaushwa juu ya chanja hawana. Kama wako ni wa chanja, kuandika "hawana mchanga" hakutoshi, maana kila mtu anaandika hivyo. Tandika karatasi nyeupe mezani, chukua konzi ya dagaa kutoka ndani kabisa ya gunia, si juu, watikise juu ya karatasi, kisha sogeza kamera kwenye karatasi hiyo bila kukata video. Mteja anaona mwenyewe. Naamini video hiyo moja ina nguvu kuliko mabango 50 yaliyochorwa kwa rangi za kung'aa.

Wauza mawese nao wana swali lao, tena linawapotezea wateja kila mwaka. Dumu linatoka Kigoma zuri, likifika Mbeya au Arusha wakati wa baridi mteja anapiga simu: "Kaka, mbona mafuta yameganda? Mmechanganya nini humu?" Hakuna kilichochanganywa. Mawese huyeyuka kati ya nyuzijoto 33 na 39 za Selsiasi, kwa hiyo hata hapa kwetu asubuhi hukaa nusu yameganda, sembuse kwenye baridi ya nyanda za juu. Dawa yake ni kuliweka dumu juani au kwenye maji ya moto ya wastani, likalainika bila kuharibika. Mweleze mteja hayo kabla hajanunua. Akiyakuta yameganda atakumbuka kwamba ulimwambia, na badala ya kukushuku atakuamini zaidi. Ukimweleza baada ya lawama, hata ukisema kweli tupu inasikika kama utetezi.

Namna ya kupata mambo ya kusema, basi, ni kusikiliza. Weka daftari dukani, andika kila swali ambalo mteja ameuliza kwa maneno yake mwenyewe. Swali lililorudi mara tatu ni video. Mshona vitenge ataulizwa kama kitambaa kinachuja. Mtengeneza sabuni za mawese ataulizwa kama zinafaa kwa mtoto. Mwenye nyumba ya wageni ataulizwa ni mwendo gani hadi stesheni. Majibu unayo tayari kichwani.

Kalenda nayo mnayo, tena ya asili. Wavuvi wetu huvua kwa taa wakati wa giza, na mbalamwezi ikiwaka hupumzika. Mteja wa Dar es Salaam hajui hilo, anashangaa kwa nini wiki hii bei iko chini na wiki ijayo unamwambia subiri. Mweleze mzunguko huo, na giza linapokaribia umtangazie kwamba mzigo mpya unakuja, aagize mapema. Mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Zuio la namna hiyo ukilieleza wiki kadhaa kabla, pamoja na sababu yake, linakuwa habari ambayo mteja anakushukuru kwayo na tena anajaza stoo yake. Ukinyamaza, ataona umepandisha bei kwa tamaa.

Sasa vyombo. Kwa wengi wenu ningeshauri muanze na WhatsApp Business, programu ya bure iliyotoka mwaka 2018, kwa sababu mteja wa Kitanzania hata akikuona TikTok atamalizia biashara WhatsApp. Ina katalogi ya kuweka bidhaa na bei, saa za kazi, lebo za kutenganisha aliyelipa na ambaye hajalipa, na majibu ya haraka unayoyaandika mara moja ukayatumia kila siku. Maelezo ya mawese kuganda yanakaa humo.

Kuna jambo moja la kiufundi ambalo wengi hawalijui, na linawagharimu. Orodha ya matangazo ya WhatsApp inachukua watu hadi 256, lakini ujumbe unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako kwenye simu yake. Stetasi vilevile: asiyekuhifadhi haioni. Kwa hiyo mteja akishanunua, mwambie kwa heshima, "Dada, naomba uhifadhi namba hii kwa jina la duka, mzigo mpya ukiingia utaona." Wafanyabiashara wengi hukazana kupata wafuasi wapya wakati wateja 100 walioshanunua hawajawahi kuona stetasi zao hata moja.

Magrupu yanahitaji adabu. Kumwingiza mtu bila ruhusa na kumwaga matangazo usiku wa manane kunafukuza wateja. Tena Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inazuia kumtumia mtu matangazo ya biashara bila ridhaa yake.

Facebook, Instagram na TikTok zote zinafaa, ila chagua moja unayoweza kuilisha kila wiki. Kurasa tatu zilizonyamaza tangu mwaka juzi zinamfanya mteja afikiri umefunga. Video iwe fupi, jambo lenyewe litangulie, salamu ndefu ziachwe. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa safi, piga asubuhi au jioni jua likiwa limelegea, na kama uko ufukweni geuzia upepo mgongo usije ukafunika sauti. Bando ni gharama, hilo tusilifiche. Rekodi mchana, pakia usiku kama una bando la usiku, na video moja itumie kila mahali badala ya kutengeneza mpya kwa kila mtandao.

Kwa wenye vyakula, nyumba za wageni, boti na duka la vinyago, msiache ramani ya Google. Kuandikisha biashara humo ni bure. Mgeni anayekuja Hifadhi ya Gombe, au anayetaka kufika Ujiji walikokutana Stanley na Livingstone mwaka 1871, hutafuta mahali pa kula na kulala akiwa bado kwao. Weka picha za kweli za chumba, bei, namba inayopokelewa, na umwombe mgeni aliyeridhika aandike maoni yake. Usijiandikie mwenyewe kwa majina ya kubuni, watu wanagundua.

Hofu ya tatu ya mteja, ya hela, haiondolewi kwa viapo. Onesha mzigo ukifungwa, jina la mpokeaji likiandikwa, stakabadhi ya basi au treni ikitolewa, ukiwa umeziba namba za simu. Lipa namba yako isome jina lile lile lililo kwenye ukurasa. Ukisajili jina la biashara BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara, liseme wazi.

Mipaka nayo ipo. Picha ya dagaa uliyoichota kwa mwenzako ni mali yake chini ya Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na mteja akipokea mzigo usiofanana na picha umepoteza vyote. Mazungumzo ya mteja, namba yake au picha ya mtoto wake usiyarushe bila kumwomba: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika 1 Mei 2023 na inakuhusu hata wewe mwenye meza moja sokoni. Na tafadhali, acheni kuandika kwamba mawese yanatibu macho au dagaa wanaponya kisukari. Chakula kizuri kiitwe chakula kizuri. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza maelezo ya kupotosha, na kuna mgonjwa atakayeacha dawa zake kwa sababu ya sentensi yako.

Matangazo ya kulipia yatafuata baadaye. Kila mteja mpya muulize, "Umetufahamu wapi?" na uandike jibu kwenye daftari lile lile. Baada ya miezi miwili utaona video ipi imeleta oda, na mara nyingi si ile iliyopendwa na wengi. Hiyo ndiyo ya kuwekea hela, kwa kuanza na kiasi ambacho kikipotea hakikuumizi.

Anayetaka kushikwa mkono aende ofisi ya biashara ya halmashauri yake, Kigoma Ujiji, Kasulu, Kibondo, Uvinza au kwingineko, au ofisi ya mkoa ya SIDO, shirika la serikali la kuhudumia viwanda vidogo. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973, pia humwandikia mjasiriamali mdogo barua ya utambulisho kwenda TBS, Shirika la Viwango Tanzania, kwa ajili ya nembo ya ubora. Njoo na simu yako ikiwa na chaji, bidhaa yenyewe, na daftari la maswali ya wateja.