Je, wajua kwa nini kompresa ndogo hutosha kupigia misumari lakini hushindwa kupuliza rangi?

Anayetazama kwa mara ya kwanza seti ya bei nafuu ya kompresa ya hewa na bunduki za misumari hupatwa na mashaka, na ana haki ya kuwa nayo. Kompresa yenyewe haizidi sana ndoo kubwa kwa ukubwa, tangi lake hubeba lita 20 hadi 24 tu, na mota yake hula umeme unaokaribiana na ule wa pasi ya nguo. Hata hivyo, ikifungwa kwenye bunduki ya misumari, huuzamisha msumari wa milimita 50 ndani ya mbao kwa pigo moja, na itaendelea hivyo kuanzia asubuhi hadi jioni bila kulalamika. Kompresa hiyo hiyo ikifungwa kwenye bunduki ya kupulizia rangi, haichukui muda kabla rangi haijaanza kutoka kwa matone na mota kunguruma bila kupumzika. Ukielewa sababu ya tofauti hiyo, utakuwa umepata karibu yote unayohitaji ili usinunue mashine kubwa kuliko kazi yako, wala ndogo kuliko kazi yako.

Sababu ni kwamba bunduki ya misumari haivuti hewa mfululizo, bali huipiga funda moja, ikatulia, kisha ikapiga funda jingine. Ndani ya mwili wake mna silinda yenye pistoni, na chini ya pistoni hiyo mmefungwa ubao mwembamba wa chuma kilichokomazwa, ambao ndio unaogonga msumari. Hewa yenye presha hukaa tayari imeizunguka silinda. Unapovuta kifyatuo, vali iliyo kichwani mwa silinda hufunguka ghafla, hewa humiminika juu ya pistoni na kuisukuma chini kwa kishindo, na ule ubao hukata msumari mmoja kutoka kwenye safu ya misumari iliyogandishwa pamoja kwa gundi. Hewa iliyobanwa chini ya pistoni hukimbilia kwenye chemba ya pembeni, na unapoachia kifyatuo ndiyo inayoirudisha pistoni juu, huku ile iliyokwisha kufanya kazi ikitoka nje kwa mvumo mfupi. Yote haya hutimia kabla hujapepesa jicho, na kwa bunduki ya misumari myembamba funda zima ni chini ya lita moja ya hewa ya kawaida, yaani isiyobanwa.

Sasa tupige hesabu. Tangi la lita 24 likishuka kutoka bar 10 hadi bar 7 (bar ni kipimo cha presha), hutoa lita 24 kwa kila bar moja iliyoshuka, yaani lita 72 za hewa ya kawaida. Ukikadiria lita moja kwa kila msumari, utapiga misumari 72 kabla mota haijalazimika kuwaka tena. Kompresa ndogo inayotoa lita 70 hivi kwa dakika itahitaji takriban dakika moja kuirudisha hewa hiyo. Na ni nani anayepiga misumari 72 mfululizo anapofunga ubao wa pembezoni mwa sakafu? Unapima, unakata, unaweka mahali pake, unapiga minne au mitano, unasogea. Mota imelala muda mwingi kuliko inavyofanya kazi, na tangi ndilo linalokuhudumia.

Bunduki ya rangi haina mapumziko hayo. Zile za kawaida za kutumia kompresa huhitaji lita 200 hadi 400 kila dakika, na mashine za kusugulia mbao kwa hewa ziko karibu na hapo. Kwa matumizi hayo lita zako 72 humalizika ndani ya nusu dakika, kisha unabaki na kile tu ambacho pistoni ya kompresa inaweza kusukuma wakati huo huo, ambacho hakifiki hata nusu ya kinachotakiwa. Kuongeza ukubwa wa tangi huahirisha tu tatizo. Kwa hiyo mtu anayekwambia ununue kompresa kubwa "ili siku moja upake nayo rangi" anakuuzia gari la mizigo kwa sababu huenda siku moja ukahama nyumba.

Hapo ndipo usomaji wa lebo unapoanza kuwa na maana. Namba inayoandikwa kwa herufi kubwa kuliko zote kwa kawaida ni ukubwa wa tangi, au presha ya juu kabisa, au nguvu za farasi, na zote tatu zina uwezo wa kupotosha. Bunduki nyingi za nyumbani hufanya kazi kati ya bar 5 na 8 (psi 70 hadi 120 kwa kipimo kingine cha presha, kwa kuwa bar moja ni psi 14.5), hivyo kompresa inayofika bar 8 inatosha, na inayofika bar 10 inakupa tu akiba zaidi ndani ya tangi lile lile. Kuhusu nguvu za farasi, kumbuka kuwa nguvu moja ya farasi ni wati 746, na kwamba soketi ya nyumbani ya ampea 13 kwenye umeme wa volti 230 haiwezi kutoa zaidi ya wati 3,000 hivi. Lebo inayodai nguvu 6 za farasi kwa mashine ya kuchomeka kwenye soketi ya namna hiyo inazungumzia kilele cha kufumba na kufumbua, si nguvu ya kufanyia kazi. Tazama wati au ampea badala yake.

Namba iliyo na ukweli zaidi ni lita kwa dakika, lakini nayo huandikwa kwa namna mbili: hewa inayovutwa na hewa inayotolewa. Inayovutwa ni ujazo wa silinda ukizidishwa kwa mizunguko, hesabu ya karatasini. Inayotolewa ni ile inayofika kweli kwenye mpira wa kupitishia hewa, kwa presha iliyotajwa, baada ya joto, ringi za pistoni na vali kuchukua chao, na mara nyingi hupungua kwa theluthi moja au zaidi. Seti inayotaja hewa inayotolewa kwa bar 6 au 7 inastahili kuaminiwa kuliko inayotaja namba kubwa bila kusema imepimwa wapi.

Ukishatulia kuhusu kompresa, geukia bunduki, kwa maana ndizo utakazoshika mkononi. Misumari yake hupimwa kwa geji, na hapa hesabu inakwenda kinyume na mazoea: geji ikipanda, msumari unakuwa mwembamba. Geji 16 ni unene wa milimita 1.6 hivi, geji 18 ni milimita 1.2 hivi, na geji 23 ni kama milimita 0.6, uzi wa chuma usio na kichwa kabisa. Kama ningeruhusiwa bunduki moja tu nyumbani, ningechukua ya geji 18 inayokubali misumari ya milimita 15 hadi 50. Inafunga mbao za pembezoni, droo, fremu za picha na migongo ya makabati, na tundu inaloacha hujazwa kwa puti kidogo ya mbao likapotea. Geji 16 huongezwa kwa ajili ya fremu za milango na mbao nene zinazobeba uzito. Geji 23 ni ya urembo mwembamba ambao ungepasuka kwa msumari mkubwa zaidi, nayo haishiki kitu chochote bila gundi. Bunduki kubwa ya kujengea kuta na mapaa ni habari nyingine; hunywa hewa mara tatu au nne zaidi kwa kila msumari, na kuijumuisha kwenye seti ya nyumbani ni kupamba boksi.

Jihadhari kidogo na bunduki ya "mbili kwa moja" inayopiga misumari na stepla pia. Si mbaya, ila ubao wake wa kugongea hutengenezwa mpana ili ukidhi upana wa stepla, kwa hiyo hata unapopiga msumari mwembamba unaacha alama pana juu ya mbao. Kwa mgongo wa kabati hakuna atakayeona. Kwa fremu ya mlango sebuleni, kila mgeni ataona.

Kompresa za bei nafuu nyingi hazitumii oili. Pistoni yake ina ringi inayoteleza yenyewe. Haihitaji kubadilishwa oili, inaweza kubebwa kwa ubavu ndani ya gari, na hewa yake haina mafuta. Gharama yake ni maisha mafupi kidogo na kelele. Mashine ya aina hii inayozunguka kwa kasi kubwa hupiga desibeli 80 hadi 90, wakati zile zilizoundwa kuwa kimya, zenye mzunguko wa taratibu, hukaribia 60. Kila desibeli 10 zinazoongezeka sikio huzihesabu kama kelele iliyoongezeka takriban maradufu, kwa hiyo tofauti hiyo si ndogo ndani ya chumba. Kama una fedha kidogo za ziada, zipeleke kwenye ukimya kabla hujazipeleka kwenye tangi kubwa. Kompresa ya oili hudumu zaidi, lakini faida hiyo humfikia anayeiendesha kila siku.

Mpira unaokuja na seti mara nyingi ni ule wa kujikunja kama springi, na kwangu huo ndio sehemu dhaifu kuliko zote: unakuvuta mkono nyuma kila unapolenga, na ukisogea mbali unaiangusha kompresa. Mpira mlaini ulionyooka wa mita 15, wenye kipenyo cha ndani cha milimita 6, unatosha kabisa, kwa kuwa bunduki hunywa kidogo. Na unapotaka kufika mbali, refusha mpira, usirefushe waya wa umeme. Mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mwingi kuliko ikishashika kasi. Waya mrefu mwembamba hushusha volti, mota hung'ang'ana, hupata joto, na wengi huishia kuilaumu kompresa ambayo haikuwa na kosa.

Kwenye kifyatuo kuna uchaguzi ambao haupaswi kuamuliwa na bei. Pua ya bunduki lazima igandamizwe kwenye mbao ndipo ifyatue. Katika mfumo wa hatua kwa hatua, unagandamiza kwanza kisha unavuta, na msumari mmoja tu hutoka. Katika mfumo wa kugusa, ukiwa umeshikilia kifyatuo, kila pua inapogusa kitu msumari hutoka, hata kama kitu hicho ni goti lako. Nyumbani, chukua wa kwanza. Vaa miwani, uweke mkono wa pili mbali kuliko urefu wa msumari unaopiga, kwa kuwa msumari mwembamba wa geji 18 unaweza kufuata mshipa wa mbao na kutokezea ubavuni, na chomoa mpira kabla ya kuondoa msumari uliokwama. Kamwe usiifunge bunduki kwenye mtungi wa oksijeni au gesi nyingine yoyote. Inaweza kulipuka mkononi.

Kabla ya kulipa, omba kompresa ijazwe hadi ijizime yenyewe, kisha ichomolewe na ikae hata nusu saa. Sindano ya geji ya presha ikishuka waziwazi, kuna panapovuja, na povu la sabuni kwenye viungo litaonyesha ni wapi. Ikiwa imeshatumika na mtu mwingine, fungua vali ndogo iliyo chini ya tangi presha ikiwa imepungua. Hewa inapobanwa hupata joto, na ikipoa ndani ya tangi huacha unyevu wake humo, kwa hiyo mwenye kuitunza humwaga maji kupitia vali hiyo kila baada ya kazi. Yakitoka maji meupe machache, endelea na mazungumzo ya bei. Yakitoka ya rangi ya chai yenye chembe za kutu, tangi limeanza kuliwa kwa ndani, halitengenezeki kwa kulichomelea kiraka, na bei yoyote utakayotajiwa ni kubwa mno.