Livingstone: jina moja, koo mbili

Mtoto wa shule ya msingi Tanzania hulijua jina Livingstone kabla hajajua Uskoti iko wapi. Anafundishwa habari za David Livingstone, mmisionari aliyekutwa Ujiji mwaka 1871, na za akina Susi na Chuma waliobeba maiti yake hadi Bagamoyo. Maana ya jina lenyewe hafundishwi, kwa hiyo akishajua Kiingereza kidogo hujitafsiria: living ni hai, stone ni jiwe, basi huyu ni Bwana Jiwe Lililo Hai. Tafsiri hiyo inafaa sana mimbarani, maana hata waraka wa kwanza wa Petro unataja mawe yaliyo hai. Ila ndani ya jina hili hakuna jiwe wala uhai.

Kuna mtu aliyeitwa Leving. Katika karne ya 12, enzi za mfalme David I wa Uskoti, alikuwa na ardhi magharibi mwa Edinburgh, sehemu inayoitwa leo West Lothian. Mahali pake pakaitwa kwa jina lake, na kikaongezwa kipande tun, neno la Kiingereza cha kale lililomaanisha ua au boma, kisha shamba na kijiji kizima. Ni kama sisi tunavyosema Kwa Mtoro kule Dodoma au Kwa Mrombo kule Arusha: Livingston ni Kwa Leving, basi. Waliotoka hapo wakajiita watu wa Livingston, na mji bado upo, ingawa sehemu kubwa yake ilijengwa upya baada ya mwaka 1962.

Ukoo huu wa Nyanda za Chini, yaani kusini na mashariki mwa Uskoti, ulipanda sana. Sir Alexander Livingston wa Callendar alimshikilia mfalme mtoto James II pamoja na mama yake mwaka 1439, akawa miongoni mwa walioiendesha nchi kwa miaka kadhaa, hadi mfalme alipokua na kuwageuka mwaka 1449. Baadaye walipanda tena, wakapata vyeo vya Earl wa Linlithgow na wa Callendar, kisha wakavipoteza mwaka 1716 kwa kuunga mkono uasi wa kumrudisha mfalme wa nasaba ya Stuart. Livingston wa Marekani nao wanatokana na Uskoti hii ya chini: Philip Livingston alitia saini Azimio la Uhuru mwaka 1776, na Robert R. Livingston ndiye aliyemwapisha George Washington mwaka 1789.

Ungedhani David Livingstone ni mmoja wao. Siye.

Upande wa magharibi, kwenye visiwa na pwani ya Argyll, watu walisema Kigaeli, na majina yao yalifuata utaratibu ambao msomaji wa pwani yetu ataushika mara moja. Mac ni bin. Mwanamke alipewa nic, yaani binti. Kati yao walikuwako watu ambao jina lao liliandikwa MacLeay au MacLea, na asili yake ina maelezo mawili. La kwanza ni Mac an Lèigh, mwana wa tabibu. La pili ni Mac Dhuinnshléibhe, mwana wa Donn Sléibhe, jina la mtu lenye maneno ya rangi ya kahawia na mlima, ambalo lilikuwa pia jina la ukoo wa kifalme kaskazini mwa Ireland. Wataalamu wengi huegemea la pili, na Livingstone kwa Kigaeli cha leo huandikwa MacDhunlèibhe. Utata unazidi kwa sababu baadhi ya watu wa ukoo huo wa Ireland, baada ya kupoteza ufalme, waligeuka kuwa matabibu wa kurithishana.

MacLeay amefikaje kuwa Livingstone? Kupitia daftari. Kanisa, mahakama na wenye ardhi waliandika kwa Kiingereza, na jina la Kigaeli lilibadilishwa kwa jina la Kiingereza lililolikaribia kidogo kwa mlio, hasa likiwa la watu wakubwa. Ukilisema MacDhunlèibhe haraka, sauti ya leiv inasikika. Karani akamalizia mwenyewe.

Katika kisiwa cha Lismore familia moja ya Livingstone ni walinzi wa kurithi wa bakora ya Mtakatifu Moluag, aliyefariki mwaka 592. Ni fimbo ya mti tu, iliyowahi kuvikwa shaba, na hati ya mwaka 1544 inawathibitishia ardhi kwa sababu ya kuitunza. Wenye fimbo huitwa Mabaroni wa Bachuil, na bado wanayo. Ndugu zao wa pwani walifuata ukoo wa Stewart wa Appin vitani. Husimuliwa kwamba katika vita vya Culloden, mwaka 1746, ambako waasi wa Stuart walishindwa, Donald Livingstone ndiye aliyeikata bendera ya kikosi hicho kutoka kwenye mti wake, akajizungushia mwilini na kuondoka nayo.

David mwenyewe aliandika kwamba baba wa babu yake alikufa Culloden. Babu alikuwa mkulima mdogo kisiwani Ulva, karibu na Mull. Mwaka 1792 akahama na familia kwenda Blantyre, jirani na Glasgow, kutafuta kazi kwenye kiwanda cha pamba, na humo kiwandani David, aliyezaliwa 1813, alianza kazi akiwa na miaka kumi. Kama maelezo ya Mac an Lèigh ni sahihi, basi alipopata leseni ya udaktari Glasgow mwaka 1840 mwana wa tabibu alirudi kwenye kazi ya jina lake. Ningependa iwe hivyo, ingawa ushahidi unavutia upande mwingine.

Wengine hudhani e ya mwisho ndiyo inayotenga koo hizi mbili. Haitengi. Baba yake David aliiacha, David naye akaandika Livingston kwa miaka mingi, na ni katika miaka ya 1850 tu alipoirudisha. Kwa hiyo ukikutana na Livingstone wa Uskoti, tahajia haitakusaidia. Muulize babu zake walitoka kisiwa gani.

Huku kwetu jina hilo limeshika safu ya milima kaskazini mashariki mwa Ziwa Nyasa, na mji wa Zambia ulio karibu na maporomoko ya Mosi-oa-Tunya (Victoria). Kenya na Uganda limekuwa jina la ubatizo: Livingstone huja kwanza, kisha jina la baba.