Ukaribu wa Watu Haupimwi kwa Njia Moja ya Mawasiliano

Marafiki wawili waliozoea kupigiana simu kila jioni wakiacha kufanya hivyo, wengi huhitimisha upesi kwamba urafiki wao umepoa. Huenda ni kweli, lakini orodha ya simu peke yake haitoshi kuthibitisha, kwa sababu mazungumzo yale yale yanaweza kuwa yamehamia kwenye ujumbe wa sauti, picha zinazotumwa bila maelezo, au kutembeleana mwisho wa wiki. Anayetaka kujua uhusiano unaelekea wapi hana budi kuzitazama njia zote kwa pamoja, tena kwa muda mrefu.

Caroline Haythornthwaite, aliyechunguza mawasiliano ya watafiti na ya wanafunzi wanaosoma kwa masafa, alionyesha kuwa kadiri watu wanavyokaribiana ndivyo wanavyotumia njia nyingi zaidi. Wanaofahamiana juujuu hutegemea njia moja, kwa kawaida ile waliyowekewa na kazi au chuo. Wafanyakazi wawili ambao hawajawahi kupeana namba hupongezana kwenye kundi la ujumbe mtoto anapozaliwa na hupeana pole panapotokea msiba. Kisha mradi ukiisha na kundi likafungwa, hawasikiani tena, ingawa hakuna aliyemkosea mwenzake. Marafiki wa karibu hawatikiswi na hilo, kwani njia moja ikizibwa wanazo nyingine. Kwa maoni yangu, hapa ndipo taasisi nyingi hukosea: hubadilisha mfumo wa mawasiliano zikidhani kwamba kinachohama ni ujumbe tu, kumbe wale waliounganishwa na njia hiyo moja hupoteana. Na hasara hiyo si ndogo: mwanasosholojia Mark Granovetter alikwisha kueleza mwaka 1973 kuwa watu tunaofahamiana nao kwa mbali ndio mara nyingi hutuletea habari ambazo marafiki zetu wa karibu hawana, zikiwemo za nafasi za kazi.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 na Jari Saramäki na wenzake, akiwemo Robin Dunbar, ulifuatilia simu za wanafunzi 24 nchini Uingereza kwa miezi 18, kipindi walichomaliza shule na kuingia chuoni au kazini. Waliopigiwa walibadilika sana, lakini mgao haukubadilika: sehemu kubwa ya simu iliendelea kwenda kwa watu wachache, na kila mwanafunzi alibaki na mpangilio wake hata rafiki mpya aliposhika nafasi ya yule wa zamani. Waliochunguzwa ni wachache, nami nisingejenga kanuni ya dunia nzima juu yao. Hata hivyo, matokeo hayo yanafafanua jambo ambalo wengi huliita usaliti: mtu akipata mwandani mpya, wa zamani husogea nyuma kwa kuwa muda wa mtu una kikomo.

Mara nyingi zinazotangulia kupungua ni njia zinazodai muda, yaani kukutana na kupigiana simu, zikabaki salamu za sikukuu na alama ya kidole gumba chini ya picha. Mabaki hayo si ya kudharauliwa, kwa maana ni rahisi zaidi kumpigia mtu uliyemsalimu mwezi uliopita kuliko yule ambaye hujui hata kama namba yake bado inapatikana.