Je, wajua kwa nini hoja ya kweli hukataliwa mkutanoni?

Tuseme ni mkutano wa wakulima wa korosho Tandahimba, minada inakaribia. Watu wawili wanasimama na ujumbe mmoja: anikeni korosho zikauke kabla ya kuzipeleka chama cha msingi cha ushirika. Wa kwanza anaanza na asilimia za unyevu. Kule nyuma watu wanaendelea na soga zao. Wa pili anasema, "Shikamooni wazee wangu," anatoa korosho moja na kuibonyeza kwa ukucha. Alama inabaki, ishara kwamba haijakauka. "Hii tukiifikisha ghalani, mnunuzi atatupa bei gani?" Kimya.

Alichotumia huyu wa pili kinaitwa balagha, ufundi wa kushawishi kwa maneno. Mgiriki Aristotle, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alitaja njia tatu za kushawishi ndani ya hotuba: tabia ya msemaji, hisia za wasikilizaji, na hoja yenyewe. Kuhusu tabia alikuwa na sharti: uaminike kwa yale unayoyasema palepale, si kwa sifa ulizokuja nazo. Wasikilizaji wanakupima kama una busara, kama u mwadilifu, na kama unawatakia mema. Msemaji wa kwanza huenda alijua mengi, ila hakuna aliyeiona nia yake njema.

Kwenye hoja ndiko kwenye utamu. Hoja kamili ina vipande vitatu: korosho zisizokauka huota ukungu ghalani, hizi hazijakauka, basi zitaota ukungu. Msemaji hodari hakitamki kile cha kwanza, kwa kuwa mkulima anacho tayari kichwani. Akikijaza mwenyewe, hitimisho linakuwa lake, na ni nadra mtu kubishana na wazo lake mwenyewe. Ufundi huu huvunjika mbele ya asiye na kipande hicho. Mwambie mvuvi wa Mikindani, "Hizi zimeanikwa siku moja tu," atakutazama bila kuona tatizo liko wapi. Kwake, tamka vyote vitatu.

Swali la balagha, lile lisilongoja jibu, hukosewa mno. Linafaa pale tu ambapo wote waliokaa wana jibu moja. Uliza, "Nani asiyejua kuanika?" na mama mmoja atainuka: mvua imenyesha siku nne, tuanike wapi? Hapo mkutano umeshahamia kwake. Kama huna hakika watajibu nini, uliza kwa kutaka kujua, kisha nyamaza mpaka mtu aseme.