Safari ya mwisho ya meli: maana yake na yanayotokea ufukweni

Mei 1986 meli nyeupe iliyoanza kuliwa na kutu iliondoka mto Fal, kusini-magharibi mwa Uingereza, ikielekea Kaohsiung, Taiwan. Ilikuwa na mabaharia wachache wa kuifikisha, bila abiria hata mmoja. Jina lake lilikuwa Triton, na lilikuwa jina jipya kabisa. Kwa miaka 34 meli hiyo iliitwa Uganda.

Watu wa pwani yetu waliijua. Iliundwa Glasgow na kuanza kazi mwaka 1952, mali ya kampuni ya British India, ikibeba abiria wapatao 300 kati ya London na Afrika Mashariki: Mombasa, Zanzibar, Dar es Salaam, mpaka Beira. Pacha wake iliitwa Kenya.

Safari ile ya Mei 1986 ndiyo wapenzi wa meli huiita safari ya mwisho. Maneno haya yana maana mbili, na ni vizuri kuzitenganisha. Kuna safari ya mwisho ya kazi, yaani ile ambayo meli inabeba abiria wake kwa mara ya mwisho, na mara nyingi wenyewe hawajui kuwa ndiyo ya mwisho. Na kuna safari ya kwenda kuvunjwa. Kati ya hizo mbili inaweza kupita miaka mingi, meli ikiwa imelazwa mahali, mashine zimezimwa, mlinzi mmoja au wawili wakipita vyumba vitupu.

Mfano mkubwa ni meli ya Ufaransa iliyoitwa France. Ilianza kuvuka Atlantiki mwaka 1962, urefu wake karibu mita 316, na hakukuwa na meli ya abiria ndefu kuliko hiyo mpaka miaka ya 2000. Septemba 1974, serikali ikiwa imekwisha kutangaza kuwa haitaigharimia tena, mabaharia wake waliigomea mlangoni mwa bandari ya Le Havre. Abiria walishushwa kwa vyombo vidogo. Hiyo ikawa safari yake ya mwisho kama France. Lakini kuvunjwa kulikuja zaidi ya miaka 30 baadaye. Katikati hapo ilinunuliwa na Wanorwe, ikaitwa Norway, ikatembeza watalii Karibi tangu 1980, mpaka boila lake lilipolipuka Miami mwezi Mei 2003 na kuua mabaharia 8.

Kilichoziua meli hizi kwa jumla kinajulikana: ndege za jeti. Mtu aliyekuwa akikaa majini wiki tatu kutoka London hadi Mombasa sasa alifika kesho yake. Kenya ilivunjwa Italia mwaka 1969. Uganda iliponea chupuchupu kwa kugeuzwa meli ya masomo, ikizungusha wanafunzi bandari za Ulaya na Mediterania, na mwaka 1982 ilichukuliwa ghafla kuwa meli ya hospitali katika vita vya Falklands, kati ya Uingereza na Argentina. Meli iliyojengwa kuwapeleka maofisa wa kikoloni makwao likizo ikaishia kulaza majeruhi kwenye maji ya baridi ya kusini. Nadhani hakuna meli nyingine ya njia yetu iliyoishi maisha mengi namna hiyo.

Sasa, meli kuukuu inauzwaje? Hapa wengi huchanganyikiwa kwa sababu ya neno tani. Vitabu vinasema Uganda ilipoanza kazi ilikuwa ya tani 14,430. Hizo si tani za uzito. Ni kipimo cha nafasi iliyozibwa ndani ya meli, na tani moja katika hesabu hiyo ya zamani ni futi za ujazo 100. Mvunja meli hashughuliki na nafasi. Yeye anauliza uzito wa meli tupu: chuma, mashine, mabomba, nyaya na mbao, bila mafuta, maji, mizigo wala watu. Bei hutajwa kwa dola kwa kila tani ya uzito huo. Kwa hiyo ukumbi wa dansi, ngazi za fahari na michoro ya ukutani vyote huingia kwenye mizani kama skrepa nyingine. Bei ya chuma ikipanda, mwenye meli aliyekuwa akisitasita huacha kusitasita.

Mara nyingi mwenye meli hauzi moja kwa moja kwa mvunjaji. Kuna mfanyabiashara wa kati anayelipa taslimu, anaichukua meli, anaisajili upya kwa bendera nyingine na kuipa jina lingine kwa ajili ya safari hiyo moja tu. Ndiyo maana Uganda ikawa Triton, na Norway ikawa Blue Lady. Wakati mwingine jina jipya hupatikana kwa kufuta herufi za jina la zamani. Windsor Castle, meli kubwa kuliko zote za kampuni ya Union-Castle, iliyokuwa ikienda Afrika Kusini kutoka Southampton, iliuzwa kwa Wagiriki mwaka 1977 ikaitwa Margarita L. Ilipokwenda kuvunjwa India mwaka 2005 iliitwa Rita. Litazame vizuri jina la Margarita, utaiona Rita imo ndani yake. Mimi jambo hili hunigusa kuliko kukatwa kwenyewe.

Mahali panapojulikana zaidi kwa kazi hii ni Alang, jimbo la Gujarat, India. Hakuna gati linalohitajika hapo, kwa kuwa kazi yote inategemea bahari kujaa na kupwa, na mtu wa pwani hahitaji kuelezwa sana. Husubiriwa maji ya bamvua, wakati bahari inajaa kupita kawaida. Meli hupunguzwa uzito kadiri inavyowezekana, kisha nahodha huielekeza nchi kavu na kuisukuma kwa nguvu zote za injini mpaka omo, yaani sehemu yake ya mbele, ipande mchangani. Maji yakipwa, meli imepwelewa. Hapo ndipo safari yake inakwisha, kwa kitendo ambacho kila nahodha amefundishwa maisha yake yote kukiepuka.

Baada ya hapo wafanyakazi, wengi wao vibarua waliotoka majimbo ya mbali ya India, huikata kwa moto wa gesi kuanzia omo kuelekea tezi, yaani nyuma. Vipande huanguka, winchi huvivuta juu ya ufukwe, na kila sehemu ya mbele inapotoka, mwili uliobaki huvutwa juu zaidi kwa bamvua inayofuata. Mabamba mengi hupashwa moto na kugeuzwa nondo za ujenzi. Vitanda, vyombo vya jikoni, milango na majaketi ya kuokolea huuzwa katika maduka yaliyojipanga kwenye barabara ya kuingia Alang.

Kazi hii inaua. Watu huangukiwa na chuma, gesi iliyobaki ndani ya matangi hulipuka, na meli za miaka ile zimejaa asbesto, madini ya kuzuia moto na joto, ambayo vumbi lake likikaa mapafuni huweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Blue Lady ilikadiriwa kubeba zaidi ya tani 1,000 za asbesto. Bangladesh iliikataa mapema 2006. Agosti mwaka huohuo ikafikishwa ufukweni Alang, ikakaa hapo mwaka mzima huku watu wakishitakiana, mpaka Mahakama ya Juu ya India ilipotoa ruhusa Septemba 2007. Ncha ya omo yake ilikatwa ikiwa nzima na kupigwa mnada Paris mwaka 2009. Mkataba wa kimataifa wa Hong Kong kuhusu uvunjaji salama wa meli ulipitishwa mwaka huohuo wa 2009, lakini ulianza kufanya kazi Juni 2025. Miaka 16 ya kusubiri, na vibarua wakiendelea kukata.

Uganda haikufika Alang. Miaka ile Kaohsiung ndiyo iliyokuwa ikivunja meli nyingi kuliko bandari yoyote duniani, na huko hazikupandishwa mchangani, zilifungwa kwenye gati na kukatiwa hapo. Triton ilifika Julai 1986 ikawekwa foleni. Agosti, kabla haijaguswa, kimbunga kilichoitwa Wayne kiliipiga, kikaitupa pwani na kuilaza ubavu. Ikabaki imelala hivyo miaka kadhaa, nusu majini, kabla ya watu kurudi kuikata palepale ilipoangukia.